Naomba ushauri: nianze na toleo lipi la Queer as Folk?

Ndugu zangu, naomba ushauri wa mliotazama tamthilia hii. Toleo la Uingereza, lililoandikwa na Russell T Davies na kuanza kuonyeshwa na Channel 4 mwaka 1999, linawafuata marafiki mashoga katika baa na kumbi za disko za Canal Street, Manchester. Kinachonigusa mno ni Vince, anayempenda Stuart kimyakimya tangu wakiwa shule, lakini bado anaandamana naye usiku kucha huku mwenzake akitafuta wengine. Toleo la Marekani, la Pittsburgh, lilidumu kuanzia 2000 hadi 2005. Je, urefu huo umeupa urafiki kama huo nafasi ya kukua, au starehe za ukumbi wa disko wa Babylon zimeumeza? Nianze na lipi?