Nimeuliza magodoro ya Hanang yako wapi, kanitolea elfu kumi mbele ya kamera!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule bosi wa taasisi ya michango, simtaji, mnamjua wote. Maafa yakitokea popote anafika kabla ya gari la wagonjwa, na wapiga picha wanne nyuma yake.

Leo kaita waandishi hotelini aeleze "mafanikio". Hundi ya mfano kubwa kama mlango wa godauni. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu Mbagala. Tope liliposhuka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kuzoa watu Katesh na Gendabi, kina mama wauza vitumbua walijinyima, nikaitumia taasisi yake 1,840,000 ya magodoro. Muamala ninao. Basi nikasimama kwa adabu zangu zote, nikauliza: magodoro mangapi yamefika, na nani alisaini kupokea?

Kaingiza mkono mfukoni, katoa noti ya elfu kumi, kaninyooshea: "Dada, mchango wako huu hapa, shika uache kelele."

Ukumbi mzima ukacheka. Elfu kumi! Watu 89 wamezikwa, mtu anacheka!

Sijamaliza. Saa mbili usiku kwenye taarifa ya habari naiona sura yangu, mkono wake, noti ile ile, na msomaji anasema "akimfariji mmoja wa waathirika wa Hanang". Mimi! Manyara yenyewe sijawahi kuikanyaga! Mama mkwe kapiga simu kutoka Newala analia, anauliza nyumba imeenda na tope?

Stoo ina leja. Mzigo ukitoka unaandikiwa hati ya makabidhiano, mwenyekiti wa kitongoji anasaini. Karatasi hiyo moja tu angeibandika ningekaa kimya. Kaona rahisi kunitolea elfu kumi. MBELE YA KAMERA.

kijana_wa_tandale: Tuanze na la msingi. Elfu kumi uliipokea?

Mleta uzi: SIKUPOKEA! Niliiacha inaning'inia mkononi kwake.

jirani_mwema: Mbona kwenye TV mkono wako ulikuwa unaifuata?

Mleta uzi: Nilikuwa naisukuma!

mhaya_halisi: Mnashangaa magodoro? Kagera baada ya tetemeko la 10 Septemba 2016, ilifunguliwa akaunti ya pili yenye jina linalofanana na ile ya "Kamati Maafa Kagera". Katibu tawala wa mkoa akatumbuliwa. Mama yangu muda wote huo analala chini ya turubai.

kijana_wa_tandale: Angalau nyie mlitumbuliwa mtu. Huyu wetu kesho anapewa cheti cha shukrani.

kalamu_ya_mtaa: Mimi ni mwandishi, msitubebeshe lawama zote. Taarifa inakuja imeshaandikwa na ofisi yao, mhariri anataka dakika moja, na nauli anatoa aliyeita mkutano. Sasa ukiuliza leja, utarudije mjini? Na leo hata hiyo nauli hawajatoa!

jirani_mwema: Kumbe kilichokuuma ni bahasha!

kalamu_ya_mtaa: Nimetembea kwa miguu kutoka Posta hadi Magomeni, usinichezee.

shemeji_wa_sinza: Afadhali maafa. Kamati ya harusi ya binamu yangu tuliichangia ng'ombe wawili, ukumbini tukala wali maharage. Mwezi uliofuata mwenyekiti ana bodaboda mpya.

bibi_kibindo: Ile ya Sinza? Nilikuwepo! Maharage yenyewe hayakuiva.

shemeji_wa_sinza: Na kadi ilikuwa laki, dabo laki na nusu.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada! Kanitolea elfu kumi mbele ya kamera!

bibi_kibindo: Tumesikia mama. Hiyo bodaboda ni ile nyekundu?

shemeji_wa_sinza: Hiyo hiyo. Na pambo kaandika "Mungu Mwema".

mhaya_halisi: Kwani godoro la 5x6 inchi nane siku hizi Kariakoo bei gani?

kijana_wa_tandale: Njoo PM, ninalo jipya halijatolewa nailoni.

Mleta uzi: UMELITOA WAPI?