Lubugo (kitambaa cha gome la mti) linakunywa rangi, mabango yanatoa wino: nisaidieni

MchoraVibao_Katwe
Habari zenu wakuu. Mimi ni mchora vibao. Nimekulia Tororo, na huu ni mwaka wa 11 niko hapa Katwe, Kampala. Naandika majina ya saluni, bei za soda, nachora vichwa vya wateja kwenye kuta za vinyozi. Kazi ninayoulizia leo hakuna aliyeniagiza, ni yangu mwenyewe.

Kuna mama anauza rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai, jirani na banda letu. Kila asubuhi namwona akivunja mayai kwenye kikombe cha plastiki, anatia nyanya, kitunguu na kabichi, anakoroga, anamimina kwenye kikaango bila kuangalia, kwa sababu macho yake yako kwa mteja. Watu mia wanapita wakiiona chapati, uso wake hawauoni. Nikamwomba ruhusa nimchore, akakubali.

Nimechukua plaiwudi ya futi 8 kwa 4. Chini nimebandika mabango yaliyochanika, mengine nimebandua ukutani, mengine nimenunua Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa hapa Kampala. Juu yake vipande vya lubugo, na juu ya lubugo uso wa mama mara 8, kila mmoja na rangi yake, kwa rangi ya kupuliza. Stensili nimekata kwenye filamu za eksirei zilizotumika. Vile vidoa vya mashavuni nimepulizia kupitia wavu wa spika mbovu, navyo vimetoka vizuri sana, vimepangika kama kwenye vitabu vya katuni.

Shida zangu. Lubugo linakunywa rangi. Kope nilizokata kwa wembe nusu siku zimesambaa, jicho limekuwa doa. Mabango nayo: baadhi hayajatoa chochote, lakini moja limetoa wino wa pinki hadi kwenye paji la uso wa tatu. Nimetumia gundi ya unga wa muhogo, na siku ya tatu karatasi imeota malengelenge.

La mwisho ndilo linaloniumiza. Mzee mmoja alipita akaniambia lubugo ni la kuzikia, vipi namlaza juu yake mama aliye hai? Na mhusika wa ukumbi mmoja wa maonyesho aliangalia picha kwenye simu yangu, akasema nimemwiga Warhol, yule Mmarekani wa sanaa ya pop aliyerudia uso mmoja kwa rangi tofauti, na nirudi kwenye vibao vyangu. Hilo la pili nalivumilia. La mzee sijalala nalo.

Skrini_NasserRoad
Kaka, la wino ni jepesi. Bango lililopigwa chapa kwenye mashine kubwa ya ofseti lina wino wa mafuta, maji hayaliwezi. Lililotoka kwenye printa ya wino wa maji ndilo linalokulilia. Kabla ya kubandika, lowesha kidole ulisugue kwenye kona. Likiacha rangi kidoleni, lipulizie vanishi ya kung'aa upande wa picha, mara mbili nyepesi, likauke kabisa.

Gundi ya unga iache barabarani. Ukutani mvua itaiondoa na hakuna anayejali, ila kwenye ubao wa kukaa miaka inaota kuvu na kuita wadudu. Tumia gundi nyeupe ya seremala. Paka ubao, paka na mgongo wa karatasi, subiri ilainike dakika chache, kisha sukuma hewa kwa kitambaa kutoka katikati kwenda kingoni. Malengelenge uliyonayo yapasue kwa wembe, ingiza gundi kwa sindano, weka uzito juu.

Na rangi yako unapuliza kwa wingi mno. Pitisha mkono haraka mara nne au tano, kopo likiangalia ubao moja kwa moja. Ukipuliza kwa pembeni, rangi inaingia chini ya stensili.

Binti_wa_Masaka
Ndugu yangu, kwetu nimekua nikisikia mlio wa lubugo, maana babu alikuwa analigonga kwa nyundo za mti tangu alfajiri. Gome la mti wa mutuba linabanduliwa msimu wa mvua, na shina linafungwa majani ya mgomba ili lipone na kuota gome jingine. Mti uleule unatoa tena na tena. Kitu kinachotoka kwenye mti unaoendelea kuishi usikiite cha kifo tu.

Mzee hakukosea, tunawazika watu wetu ndani yake. Lakini kabaka, mfalme wa Buganda, anatawazwa akiwa amelivaa pia, na UNESCO waliuorodhesha ufundi huu mwaka 2008 kwa sababu ya yote hayo pamoja. Usimbishie mzee. Muulize huyo mama, uso ni wake.

Kuhusu kunywa rangi: zimua gundi nyeupe, sehemu moja kwa mbili za maji, paka lubugo pande zote mbili, lianike kivulini, rudia. Litakuwa gumu kidogo, lakini rangi itakaa juu. Jaribu kwanza kwenye kipande.

Mwalimu_Arua
Umwambie huyo wa ukumbi kwamba James Rosenquist, mmoja wa wakubwa wa sanaa ya pop (ile inayotumia picha za matangazo na vitu vya kila siku) huko Marekani, alikuwa mchora mabango ya barabarani New York, akining'inia juu ya Times Square. Mkono huohuo ulichora F-111, picha ya futi 86, miaka ya 1964 na 1965. Na msanii Villeglé wa Ufaransa alianza kubandua mabango yaliyochanika mitaani mwaka 1949, akayafanya picha. Ulichokileta wewe ni lubugo, wavu wa spika na mama wa rolex. Warhol hakuwa na hivyo.

MchoraVibao_Katwe
Asanteni kutoka moyoni. Kipande cha majaribio nilikipaka juzi kama dada alivyoelekeza. Leo nimepuliza kope: zimesimama kama zilivyokatwa.

Jioni nilimpelekea mama kipande cha lubugo nikamweleza alichosema mzee. Alifuta mikono kwenye aproni kwanza ndipo akakishika. Akasema bibi yake alizikwa ndani ya lubugo, na kwamba ndicho kitu kizuri kuliko vyote ambavyo bibi aliwahi kufunikwa. Kisha akauliza kwa nini baadhi ya nyuso zake nimezipa kipande kidogo na nyingine kikubwa. Anataka zote 8 zilingane.

Kwa hiyo nabandua upya. Skrini, Jumamosi unafungua saa ngapi? Nahitaji mabango ya ofseti.