Ripoti ya mwisho ya mradi imeitwa INSHA, tena nakala kwa kila mtu!

Wakuu, barua pepe nimeisoma sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Yule bwana wa ripoti, mnamjua, kila mradi wa fedha za umma unaye, kanirudishia ripoti ya mwisho kwa mstari mmoja: "Hii si ripoti, hii ni insha." Nakala kwa mkuu wa idara. Nakala kwa mhasibu. Nakala kwa wabia wote. Nahisi hata mlinzi wa getini kapelekewa!

INSHA! Fomu yenyewe ina sehemu inayotaka ueleze kilichobadilika kwenye mpango na kwa nini. Nimeeleza: sampuli hazikutosha, dhana tuliyoanza nayo imekataa, data zimehifadhiwa ili mwingine asije akala fedha za wananchi kwa kurudia njia ileile. Hayo ni matokeo! Yeye anataka kila kisanduku kiandikwe "imekamilika". Utafiti si kujenga ukuta.

Na kiolezo kabadilisha baada ya mimi kuwasilisha. Ripoti za maendeleo zote alizipokea kimya, bangokitita, lile jedwali la mpango, hakuligusa, kumbe anasubiri ya mwisho aje aniite mwandishi wa insha. Mbele ya mhasibu!

Mzee_wa_Data: Pole sana mkuu. Ina kurasa ngapi?

Mleta uzi: Tisini, bila viambatisho.

Mzee_wa_Data: 😂😂 Basi kakuonea, hiyo ni riwaya.

Mleta uzi: Wewe utakuwa ndiye yeye.

BintiTakwimu: NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili utafiti, wanadai hata muhtasari wa matokeo kwa ajili ya umma, maneno 200 hadi 800, ndani ya siku 120 baada ya mradi kuisha. Wewe wako una mangapi?

Mleta uzi: Umeona? Wenzetu wanaombwa maelezo, mimi natukanwa kwa maelezo. Insha!

Mratibu_Mchovu: Afadhali wewe umetukanwa na mtu mmoja. Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, inakupa siku 60 baada ya kipindi cha ripoti kuisha, ripoti ya kazi na ya fedha zije pamoja. Mbia wetu simu hapokei, halafu dakika za mwisho analeta karatasi za saa za kazi zimejaa Jumapili tupu. Mtu hata Jumatatu haonekani!

Kichwa_Ngumu: Jumapili 😂 huyo ni wetu sisi, mmemtoa wapi?

Mhasibu_Halali: Mnatuonea sana wahasibu humu. Nyie mnaleta risiti zimefutika, karatasi nyeupe pee, halafu mkaguzi akija nani anabanwa?

Mleta uzi: Jamani tusitoke nje ya mada, mimi nimeitwa...

Mratibu_Mchovu: Mhasibu, risiti inafutika yenyewe! Karatasi ile haivumilii joto.

Mhasibu_Halali: Itoe kopi siku hiyohiyo.

Kichwa_Ngumu: Kwetu kopi wanakataa, wanataka halisi.

Mhasibu_Halali: Halisi pamoja na kopi yake. Unazipini pamoja, unasaini. Sasa hapo kigumu nini?

Kichwa_Ngumu: Kigumu ni huyo wa kupokea hatoi hata alama ya kupokea. Akipoteza, deni langu!

BintiTakwimu: Wa kwetu kanipotezea faili zima la marejesho. Ngoja nifungue uzi wake.