Huyu mjuaji wa "ni hapo tu" amenidhalilisha mbele ya bibi wa watu!

Wakuu, naandika miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi.

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule ambaye mgeni hajamaliza kuuliza Kampala watu wanakula wapi, yeye keshajibu. Nilimwambia nataka luwombo ya kuku, ile inayoivia ndani ya jani la mgomba, nimechoka na chipsi. Akasema twende kilima cha Namirembe, kuna mama anapika nyuma ya kanisa kuu. Mbali? "Kumpi! Ni hapo tu, tunatembea."

Hapo tu! Tumetoka Old Taxi Park saa saba na nusu. Hadi mtaa wa Bakuli nilikuwa bado binadamu. Baada ya hapo barabara ikasimama kama ukuta, nikawa napumulia masikio. Eti Namirembe ni kutoka mirembe, yaani amani. Amani ya nani?

Sasa sikieni. Niko katikati ya mlima nimekumbatia nguzo ya umeme, anatokea jjajja, miaka mia mbili kasoro, mkungu wa matoke kichwani, ndala miguuni. Akanipita. Akageuka, na mkungu wake, akanitazama: "Bambi." Yaani, maskini wee.

Hiyo ningeimeza. Lakini ndugu yenu akamjibu kwa Kiganda, kisha akanitafsiria kwa raha zake: "Nimemwambia akusamehe, umetoka Dar, kwenu kilima ni tuta la barabarani."

TUTA! Bibi alicheka mpaka mkungu ukatikisika. Haukuanguka, lakini.

Kufika juu: "Ewedde, ssebo." Luwombo imeisha. Tukala matoke na mchuzi wa karanga (tamu sana, ila hiyo si hoja). Hoja ni tuta. Mbele ya bibi!

Mkaa Bondeni: Bibi alikuwa amebeba nini? Rudia, nilikuwa nacheka.

Chapati Mbili: Kosa lako. Ramani ya Kampala haikuonyeshi kwamba ukitaka kilima cha pili lazima ushuke kwanza bondeni, ukanyage matope, ndipo uanze kupanda upya. Panda kwa boda, shuka kwa miguu. Na luwombo inawahiwa saa sita, wewe umekwenda kuosha masufuria.

Mleta uzi: Sijaomba ushauri. Nimeitwa mtu wa tuta!

Kijana wa Kisenyi: Pole, Tuta. Kesho kapande mnara wa Msikiti wa Gaddafi pale Old Kampala, vilima vyote utaviona umesimama sehemu moja. Kuna ngazi kidogo. Ni hapo tu.

Mleta uzi: Nimekusoma, nawe umo kwenye daftari.

Wa Kisumu: Afadhali wewe. Mimi nilisema nataka taksi, nikaingizwa kwenye matatu ya watu kumi na wanne, nikakaa humo mpaka ijae. Kumbe hapa taksi ndiyo matatu! Mbona hakuna aliyeniambia?

Chapati Mbili: Hukuuliza.

Njaa Kali: Taksi si kitu. Pale Wandegeya nimeuziwa rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai: chapati pana kama mkeka, yai moja. Nauliza la pili, jamaa ananijibu "limo ndani". Nimeikunjua mpaka mwisho. Halimo.

Wa Bukoba: Mnalilia mayai? Mwezi wa 11 nilinunua senene, wale panzi wa kuliwa, hapa Kampala wakiwa na mabawa na miguu yote. Kwetu senene ananyonyolewa kwa heshima.

Mwana Masaka: Senene kwenu wapi? Senene ni wa Masaka. Huko Bukoba wanapita tu kupunga upepo.

Wa Bukoba: Futa hiyo kauli.

Mwana Masaka: Sifuti.

Njaa Kali: Wanaliwa na chapati?

Mleta uzi: Jamani, na lile tuta?

Wa Bukoba: Ngoja kwanza mkuu, huku tunazungumza mambo ya maana.