Madalali wa vyumba Tanga mmezidi, mnataka tukalale ufukweni Raskazone?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe lugha.

Wiki ya tatu hii natafuta chumba na sebule hapa Tanga mjini, choo ndani, LUKU yangu mwenyewe. Basi. Sihitaji tailizi wala pa kuegesha gari, mie nina baiskeli kama Mtanga mwingine yeyote. Hela ya kuonyeshwa nimeshalipa mara saba, elfu kumi kumi, na bado nalala sebuleni kwa mwenzangu wa kazini huko Pongwe. Mwanzoni mkewe alikuwa ananiuliza kila jioni, "Shemeji, umepata?" Siku hizi haulizi.

Na hicho wanachokuonyesha sasa! Makorora tumefika chumbani, yumo mama wa watu anakaanga samaki. Dalali ananinong'oneza, "Anahama mwisho wa mwezi." Mama kasikia: "Nani kasema nahama?" Dalali akacheka, elfu kumi yangu haikurudi. Mikanjuni nikaambiwa choo cha ndani, kumbe ni ndani ya ua, wapangaji sita na ndoo moja.

Hayo ningemeza. Kilichonipandisha mori ni cha juzi.

Nimepata chumba Mwanzange, kizuri kweli, dirisha kubwa, kinapata upepo. Dalali: laki na ishirini kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa udalali. Yaani 840,000 nizitoe mara moja, mimi ambaye mshahara wangu ni 450,000 kabla ya makato. Mwajiri ananilipa mwezi kwa mwezi, hii ya nusu mwaka naitoa wapi? Ndiyo maana watu wanaingia mikopo ya kausha damu ili tu wapate pa kuweka godoro. Nikaomba nilipe miezi mitatu. Akanijibu, "Kaka, mji umepanda, hujui bomba la mafuta linakuja?" Tangu liwekwe jiwe la msingi pale Chongoleani Agosti 2017, kila dalali ana bomba mdomoni. Chumba kipo Mwanzange, bomba lipo Chongoleani, mafuta yenyewe yanatoka Hoima, Uganda. Kwani watayapitishia jikoni kwangu?

Jioni nimekaa kwenye kahawa Ngamiani, barabara ya 12, nawasimulia wenzangu. Mzee mmoja pembeni akaweka kikombe chini. "Ile yenye mwarobaini mbele? Ya kwangu hiyo. Mbona mie nimesema tisini?"

Nikapiga hesabu hapohapo. Elfu thelathini ya juu mara sita ni 180,000. Weka na udalali wake wa 120,000. Laki tatu, kwa kunipeleka Mwanzange na bodaboda ambayo nauli yake nimelipa mimi!

Nikamwambia, shikamoo mzee wangu, basi tumalizane mimi na wewe, tisini yako hii hapa. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, funguo anazo yeye. Na yule mtoto wa dada yangu, nitamzibia vipi riziki?" Akaninunulia kahawa na kashata. Sikujua nimshukuru au niimwage kahawa yake. Asubuhi dalali kanipigia: bei sasa ni laki na thelathini, maana nimekwenda kumsumbua mjomba wake.

Msiniambie nikashitaki. Ile sheria ya kudhibiti kodi za pango ya 1984 ilifutwa 2005, kwa hiyo bei ni ya mwenye nyumba na mdomo wa dalali. Hata kodi ya jengo, ambayo ni mzigo wa mwenye jengo, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na anayenunua umeme ni mpangaji. Nimewahi kukaa nyumba Duga, nikamgusia mama mwenye nyumba tuikate kwenye pango. Alininunia mpaka nikahama.

Halafu mtu wa Dar anakuja kukwambia Tanga maisha rahisi. Njoo ukiwa bachela utafute chumba, uulizwe mke yuko wapi kabla hujaulizwa jina. Wahenga wa mji huu walisema "waja leo, waondoka leo". Nilidhani ni sifa ya ukarimu na mapenzi, kumbe ni ratiba ya wapangaji.

Mwenye chumba chake mwenyewe, narudia, chake mwenyewe, Nguvumali, Magaoni, Mabawa, hata Kange kule stendi, kisizidi elfu themanini na akubali miezi mitatu, aniandikie hapa chini. Nakuja leo leo na hela mkononi.

Madalali piteni tu. Na wewe mpwa wa mzee, ukisoma hapa, elfu kumi yangu ya Makorora ulichukua wewe pia, nimekukumbuka.