Naomba ushauri: tope la bayogesi nalifanyaje liwe mboji nzuri?

Wakuu, habari zenu. Nina ng'ombe wawili na mtambo mdogo wa bayogesi. Samadi naichanganya na maji nusu kwa nusu, gesi inawaka vizuri; shida ni tope linalotoka. Nililimwaga bichi kwenye miche, majani yakaungua kingoni, roho iliniuma kweli.

Sasa nalichanganya na mabua makavu niliyoyakatakata. Najua kaboni (iliyojaa kwenye mabua makavu) inatakiwa iwe mara 25 hadi 30 ya naitrojeni (inayotoka kwenye tope), lakini shambani napimaje bila maabara? Lundo lilipata joto siku 3 tu likapoa, na ukichimba katikati linanuka amonia hadi macho yanawasha. Niongeze mabua, au niligeuze mara nyingi zaidi?

Sitaki kurudi kwenye mbolea ya chumvichumvi wakati rutuba imejaa zizini. Mwenye uzoefu anielekeze tafadhali.