Kijana anataka jibu, nami nimefundishwa kuuliza: nifanyeje katika ulezi wa wanafunzi wa Kristo?

Mlezi wa vijana, Ndosho (Goma)

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Ninalea vijana wanane katika kanisa letu, na mwaka huu nilihudhuria mafunzo ya ukocha kwa viongozi wa makanisa. Tulifundishwa kusikiliza bila kukatiza, kuuliza maswali ambayo hayajibiwi kwa ndiyo au hapana, na kumsindikiza mtu hatua kwa hatua: anataka kufika wapi, yuko wapi sasa, ana njia zipi mbele yake, na ataanza na lipi. Niliyapokea kwa furaha, maana nilijitambua kuwa mtu wa kuhubiri hata mahali palipohitaji masikio tu.

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alinifuata baada ya kipindi. Mjomba wake anamwita Rubaya akachimbe madini ya koltani, naye amebakiza miezi michache afanye mtihani wa Serikali, na malipo ya shule hayajakamilika. Akaniuliza, "Papa, niende au nisiende?" Nikakumbuka mafunzo, nikamwuliza yeye mwenyewe anaonaje. Alinyamaza, akawa anakwaruza lile jiwe jeusi la volkano kwa ncha ya kiatu chake, kisha akasema, "Kama ningekuwa naona, nisingekuja kwako." Akaenda zake.

Maneno hayo hayajanitoka. Kwetu mtu humwendea mkubwa ili apewe neno. Je, ukocha unafaa kweli katika kulea wanafunzi wa Kristo, au nimechukua chombo cha maofisini nikakiingiza kanisani pasipo mahali pake?

Mama shemasi, jirani na soko la Kituku

Papa Mlezi, usikitupe chombo hicho. Mimi kilinitoa katika kosa nililolifanya kwa miaka mingi bila kulijua.

Kuna dada mmoja katika kikundi changu anayeuza sambaza. Aliacha kuja katika maombi ya alfajiri, nami nikaamini imani yake imepoa, hata nikaandaa aya ya Waebrania 10:25 ya kumwonya. Siku nilipokwenda kwake nilimkuta anatandaza samaki juani, mikono yake ikimeremeta magamba hadi kwenye viwiko, na badala ya kuanza na ile aya nikamwuliza, "Asubuhi yako inaanzaje?" Akanieleza kwamba wavuvi hutoka ziwani saa ileile tunayoomba sisi, na kwamba anayechelewa huuziwa mabaki, kisha watoto hulala njaa. Nikamwuliza tena, "Ni saa ngapi moyo wako unatulia?" Akafikiri sana, akajibu kuwa ni mchana, wakati samaki wanakauka. Leo hii anaomba saa hiyo pamoja na wauzaji wenzake wawili, na mmoja wao hakuwa na kanisa lolote hapo awali. Aya yangu isingeweza kuleta hayo, kwa sababu nilikuwa nimeielekeza kwa mtu ambaye sikumjua.

Jambo dogo nililojifunza ni kuliepuka neno "kwa nini". Ukimwambia mtu "Kwa nini hukuja?" anasikia karipio, naye ataanza kujitetea. Ukimwuliza "Ni nini kilikuzuia?" atakusimulia.

Mzee wa kanisa, Katindo

Nimesoma kwa makini, nami nakubaliana na Mama kwa sehemu kubwa. Bwana wetu mwenyewe alimwuliza kipofu Bartimayo anataka afanyiwe nini, ingawa upofu ulikuwa wazi mbele ya watu wote (Marko 10:51), na Mungu alimwuliza Eliya pangoni, mara mbili, anafanya nini pale. Kuuliza hakukuanzia maofisini.

Hata hivyo ukocha wa kawaida humchukulia mtu kana kwamba majibu yote yamo ndani yake, na hapo ndipo sisi tunapaswa kuwa waangalifu, kwa maana mwanafunzi wa Kristo hufuata Neno ambalo hakulitunga yeye. Mtazameni Filipo katika Matendo 8. Alianza na swali: je, unaelewa unachosoma? Mkushi, yule aliyekuwa garini mwake akisoma kitabu cha Isaya, akajibu kwamba hawezi, asipopata wa kumwongoza. Filipo hakumrudishia swali jingine. Alipanda garini, akaketi naye, akamweleza kuanzia andiko lilelile. Neno "kocha" lenyewe asili yake ni gari la farasi, kutoka kijiji cha Kocs huko Hungaria, na katika karne ya 19 wanafunzi wa Oxford walilitumia kwa mwalimu anayemvusha mtu mtihani. Basi gari lazima limfikishe mtu mahali. Sisi wa Goma tunayajua haya kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo: penye mteremko kutoka Kibumba mwenye chukudu hupanda juu akaielekeza tu, lakini penye mlima hushuka, akasukuma kwa jasho.

Ndugu Mlezi, nakuambia kwa upendo: kijana wako alikuwa mlimani. Wewe unajua kwamba mashimo ya Rubaya huporomoka na kuua watu. Kulijua hilo na kumwuliza tu "unaonaje" hakukuwa kumheshimu, bali kulikuwa kumwacha peke yake na mzigo. Mwambie unachokijua, mfungulie Neno, kisha ndipo uulize, na uulize vitu vya karibu: shuleni anadaiwa kiasi gani, nani amezungumza na mkuu wa shule, mama yake anasemaje.

Mshauri wa waliojeruhiwa moyo, Keshero

Naongeza mpaka mmoja. Mtu aliyetoka juzi katika vita, aliyefiwa au kukimbia nyumba yake, asiulizwe malengo yake. Kaa naye, hakikisha amekula na ana pa kulala. Na dada akikuambia amebakwa, mambo ya ukocha yaishie hapo: mwamini, msindikize hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya muda huo, na siri yake usiipeleke hata kwenye kikao cha wazee bila idhini yake.

Mlezi wa vijana, Ndosho

Mzee, nimelipokea neno lako, nalo limeniuma kwa haki. Jana jioni nilikwenda nyumbani kwao. Nilianza kwa kumwomba msamaha, nikamweleza wazi ninayoyajua kuhusu machimbo, na kwamba kwa maoni yangu asiende. Baada ya hapo nilipomwuliza ni nini hasa kinachomsukuma, alizungumza karibu saa nzima. Kumbe hata shule haikuwa ndiyo shida yake kubwa: mjomba ndiye anayewalipia nyumba, na kijana anaogopa kwamba akikataa mama yake atafukuzwa. Tumekubaliana kwenda kwa mjomba pamoja siku ya Jumapili, mimi, yeye na mama yake. Yeye ndiye atakayesema kwanza.